Kidevu cha Nyapara

Valdejara, 5 Februari 1984

Kwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya Ujerumani haijakugandisha masharubu. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila akishanifokea kikohozi kinaisha. Mbuzi amezaa mapacha. Mimi usiniulize, nazidi kupendeza, na anayebisha ana wivu.

Umeuliza hii Serikali ya Jimbo tuliyoipigia kura imefika wapi. Imefika mbali, Baba. Tuna bendera yetu wenyewe. Siku ya kuipandisha, meya aliipandisha kichwa chini na tukapiga makofi, mpaka padre akamnong'oneza. Na padre naye alikuwa anabahatisha. Kamba ikakwama, na unadhani nani alipanda mlingoti mbele ya wasichana wote wa kijiji? Tuna kibanda cha simu. Mtaa wa juu wana maji ya bomba. Sisi wa mtaa wa chini tumepata mabomba, maji bado. Zahanati imepakwa rangi na daktari anakuja kila Alhamisi, akikumbuka.

Sasa kaa vizuri, hili ndilo lako. Mwezi ujao Serikali ya Jimbo inaanza kujenga barabara ya lami kutoka hapa hadi mtoni. Wamefungua ofisi ya ajira kwenye lile ghala la zamani la ngano. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi watu ishirini wanaandikwa. Unaingia mlangoni kwa miguu yako, unataja jina, unapewa koleo. Hakuna kusimama uwanjani alfajiri kama ng'ombe wa mnada. Hakuna Don Leandro, bwana wa mashamba, wala ardhi yake. Na yule nyapara wake Telesforo, mchagua vibarua, aliyekupita kwa kidevu msimu mzima wa zeituni kwa sababu ulidai nyongeza, siku hizi anaota jua nje ya baa kama kenge.

Rudi nyumbani. Miaka kumi na miwili ya kula viazi inatosha.

Mwanao, Eladio


Kassel, 19 Februari 1984

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na maandishi yako bado ni kama kuku amechakura. Mimi ni mzima, mgongo tu. Msalimie mama yako, mwambie anywe maji ya moto yenye asali aache ukaidi.

Nimeisoma ile habari ya ofisi mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Wenzangu wa chumbani wanacheka, wanasema Saturnino amepata mchumba. Wewe ulikuwa mtoto, hukuwahi kuona. Telesforo hakuwa anatamka jina la mtu. Wanaume sabini wamesimama, amevaa kofia yake, anainua kidevu kwa huyu, kwa yule, na aliyerukwa anarudi kumwambia mkewe. Mimi alinipita tangu Novemba mpaka Machi. Hakunitukana hata mara moja. Angenitukana, angalau angekuwa ameniona.

Kama kweli mtu anaingia mwenyewe mlangoni, nitamwambia msimamizi wangu hapa kwamba kabla ya vuli naondoka. Nitazamie hilo kwa macho yako, si kwa mdomo wako. Mdomo wako naujua.

Baba yako


Valdejara, 11 Machi 1984

Kwa Baba kipenzi, na mgongo wake,

Sote wazima. Mama anakunywa asali bila maji ya moto. Funga mizigo, maana mwanao ni mfanyakazi wa Serikali ya Jimbo. Nina koleo na fulana ya rangi ya chungwa inayonifikia magotini, na Macario jirani yetu anasema nafanana na karoti. Wivu.

Ngoja nikusimulie Jumatatu ilivyokwenda. Niliamka giza bado, nikaenda uwanjani. Kila mtu alikuwa pale. Tumesimama upande wa ukuta wa kanisa kama ilivyo kawaida, mikono kwapani, tunapiga miguu chini kwa baridi. Macario akauliza, "Tunangoja nini?" Mtu akamjibu, "Saa." Tukangoja saa. Halafu nani anatokea kutoka baa? Telesforo. Nadhani naye alikuja kwa mazoea tu, maana alitutazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Tukanyamaza. Basi akavaa kofia vizuri, akainua kidevu. Huyu. Yule. Wewe.

Na mimi, Baba. Mimi alinichagua wa tano. Akanisogelea kabisa akasema, "Mtoto wa Saturnino. Wewe una adabu, hukurithi mdomo wa babako." Watu wakacheka, nikacheka nao. Tulipofika ishirini tukapanga mstari tukaenda ofisini, na waliobaki wakaenda nyumbani. Karani ni kijana mwenye ndevu kutoka mji mkuu wa jimbo, anaitwa Quintín. Akatuandika haraka, akasema hajawahi kuona kijiji chenye nidhamu hivi.

Kwa hiyo unaona? Nimeingia kwa miguu yangu. Lini unakuja?

Mwanao mwenye koleo, Eladio


Kassel, 22 Machi 1984

Eladio,

Niko mzima. Mpe mama yako mkono.

Ulisimama. Serikali imekufungulia mlango, mlango uko hatua chache kutoka ukutani, na ukasimama ukutani kungoja mtu asiye na kazi, asiye na mamlaka, aliyetoka baa, akutikisie kidevu. Telesforo alikuwa amekwisha. Mmemfufua nyinyi, asubuhi moja, kwa kumnyamazia. Akamtukana baba yako mbele yako na ukacheka.

Waliokwenda nyumbani wamekwenda kumwambia nani kwamba wamekataliwa, na wamekataliwa na nani? Karani hakuwaona hata sura.

Sirudi. Nimemwambia msimamizi nabaki. Hiyo barabara ijengeni, mkimaliza mwandikieni Don Leandro ashukuru.

Baba yako


Valdejara, 8 Aprili 1984

Baba,

Salamu utazipata kwa Mama, mimi leo sina.

Unajua kufoka vizuri ukiwa mbali. Umelala kwenye kitanda chenye joto Kassel, unatuandikia jinsi ya kusimama. Mimi nina miaka kumi na tisa, shule niliacha nikiwa na kumi na moja nikachunge mbuzi kwa kuwa wewe hukuwepo, na siku ile nilikuwa na baridi na wote walikuwa wamesimama pale. Ungekuwepo ungeniambia, "Twende mlangoni," ningekwenda. Hukuwepo. Kulikuwa na ukuta.

Unadhani sikumsikia Telesforo? Nilimsikia. Nililala nikimsikia. Kesho yake, mtaroni, Macario akaniambia, "Kijana, ulivyocheka jana, hata mimi niliona aibu," na Macario mwenyewe alikuwa amechaguliwa wa saba. Nikamwambia afunge mdomo. Nikachimba mpaka mpini ukavunjika, na mpini wa Serikali ya Jimbo, nikuambie, hauvunjiki kirahisi, ni mti mzuri.

Jana mjumbe wa Serikali ya Jimbo alikuja kukagua. Suti, viatu vya ngozi, hotuba. Akasema demokrasia imefika Valdejara na kila mkono hapa umeajiriwa kwa haki. Telesforo alisimama pembeni yake. Mjumbe akampa mkono akimwita "mratibu wetu." Mratibu, Baba. Sasa hata jina la cheo analo. Nilifungua mdomo niseme kitu. Nikaufunga. Andika na hilo kwenye barua yako ijayo.

Kama hurudi usirudi. Viazi vyema.

Eladio


Valdejara, 10 Juni 1984

Kwa Baba,

Ni miezi miwili hujajibu. Mama anasema posta. Mimi nasema kichwa chako. Natumaini kiko kizima hicho kichwa, na mgongo pia. Huku tuko salama, isipokuwa mdomo wangu, nitakueleza.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu sikwenda uwanjani. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi ya ofisi. Macario akanipita, akanitazama, akaendelea kuelekea uwanjani, halafu akarudi akakaa karibu nami. Quintín alipofungua mlango akatuuliza, "Mko wawili tu? Wenzenu wa mstari wako wapi?"

Nikamwambia, "Mstari gani? Niandike. Eladio."

"Ngoja waje wote. Hapa kwenu wanakuja ishirini, wamepangwa."

"Nani anawapanga?"

Akasema, "Si nyinyi? Nilidhani mmechaguana kwa kura. Nikasema hawa watu wameendelea."

Nikamwambia yote, Baba, na sikumwambia kwa adabu. Nilimwambia kuhusu kidevu, na kuhusu wewe, tangu Novemba mpaka Machi. Nilimwambia bendera yao wameitundika juu ya mnada wa zamani. Akawa mwekundu mpaka ndani ya ndevu. Akasema taratibu zinataka utulivu. Nikamwambia utulivu upo makaburini kule, aende akaandikishe huko. Basi akachukua kalamu. Akaniandika, akamwandika Macario.

Halafu nyuma yangu nikasikia kikohozi. Mama. Amevaa viatu vya kanisani, amebeba koleo letu la bustani. Akasema, "Andika Engracia." Quintín akasema hii ni kazi ya barabara, mama. Mama akaninyooshea kidole, akamwambia, "Na huyu nani alimwinua akiwa mzito kama gunia la dengu? Andika." Unajua wanawake hawajawahi kusimama uwanjani, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuwapita, na nadhani ndiyo sababu hakuogopa. Akaleta na wenzake wawili wa mtaa wa chini, nao wakaandikwa.

Mstari wa Telesforo ulipofika, nafasi zilikuwa kumi na tano. Watano wa mwisho wakaambiwa zimejaa. Telesforo alinitazama tu, akawatazama wale watano, akainua kidevu kwangu.

Wakanipiga, Baba. Si askari, si watu wa Don Leandro. Wenzetu. Mmoja wao nilicheza naye mpira Jumapili. Akasema tumemwibia nafasi yake, kwamba yeye alichaguliwa kihalali. Kihalali. Jino moja linacheza na mdomo umevimba, ingawa wasichana wanasema unanifaa. Mama aliwatimua kwa koleo.

Tangu siku hiyo kijiji hakitusalimu. Dukani wanamhudumia Mama mwisho. Macario amesema yeye ni mzee, Julai anarudi uwanjani. Wale wanawake wawili waume zao wamewakataza. Na Telesforo amesema baani, kwa sauti, kwamba Jumatatu ya Julai wataweka watu kwenye ngazi ya ofisi tangu usiku, wasipite wasio na adabu. Quintín ameandika barua mjini kwa mjumbe. Mjumbe amejibu kwamba mratibu wa kijiji ashirikishwe.

Tumebaki mimi na Mama. Tutakwenda. Sikuombi kitu, wala sijakusamehe ile barua ya Machi. Nakueleza tu, usije ukasikia kwa wengine.

Mwanao, Eladio


Kassel, 20 Juni 1984

Mwanangu,

Nimekaa miezi miwili na kalamu mkononi na sikuwa na neno ambalo halikuwa tusi. Nusu ya matusi yalikuwa yangu mwenyewe, yenye jina langu. Usiliguse hilo jino, litashika.

Nimesoma barua yako kwa sauti chumbani. Hakuna aliyecheka. Mmoja kutoka Galicia, kaskazini kwetu, akauliza huyo Telesforo ana urefu gani.

Mwambie mama yako kwamba viatu vya kanisani vitaharibika, avae vyangu vya kazi, viko chini ya kitanda. Mwambie pia kwamba nimekaa hapa nikijiuliza kwa nini sikuwahi kumwambia twende wote uwanjani.

Kiwanda nimekiaga. Msimamizi alinitaka nieleze sababu kwa maandishi, nikaandika kwamba nina hasira. Akasema hilo silo jibu. Nikamwambia ndilo.

Basi langu linafika Valdejara Jumatatu hiyo hiyo, alfajiri. Usije kunipokea kituoni. Kaa kwenye ngazi na mama yako, msiachie nafasi. Nitawakuta hapo.

Baba yako, Saturnino