Pete Nyekundu Kwenye Mikenge

Jumamosi, mwezi wa sita, saa nane mchana. Chanji, Sumbawanga mjini.

Upepo wa leo unaingia hadi kwenye mifupa. Wenyeji wanauita upepo wa kawaida wa msimu. Mimi niliyezaliwa Newala nauita adhabu. Nimeteremka kutoka msituni tangu alfajiri, nimevaa makoti mawili, na bado vidole vinagoma kubonyeza herufi. Mhudumu wa hapa kwenye intaneti aliyatazama matope ya buti zangu, akanipa kompyuta ya mwisho, ile ya mlangoni.

Ukurasa huu alinifungulia mwanafunzi wa chuo aliyekuja msimu uliopita. Aliniambia niwe naandika habari za mbega. Nimeziandika mwaka mzima. Leo naandika zangu.

Nimemfanyia mtu ubaya, na mtu huyo ndiye anayenilisha.

Shule niliishia kidato cha pili. Baada ya hapo maisha yangu yote ni panga na msumeno. Nilifanya kazi miaka kumi kwenye shamba la miti huko Mufindi, mpaka lilipopata mwekezaji, tukapangwa mstari na nusu yetu tukaambiwa turudi makwetu. Sikuwa na uso wa kurudi Newala mikono mitupu. Nikadandia lori la mbao, nikafika Sumbawanga, nikabeba magunia ya mahindi sokoni mpaka mgongo ukakataa.

Ndipo nikasikia kuna watafiti wanataka watu wa kuhesabu mbega wekundu msituni, kwa kujitolea. Unapewa buti, koti la mvua na ahadi. Ahadi yenyewe ni kwamba ukivumilia miaka miwili, kiongozi wa utafiti, ambaye wote tunamwita Dokta, atakuandikia barua ya kukuombea uaskari wa misitu. Ajira yenye sare.

Miaka yangu miwili inatimia mwezi ujao.

Kazi yenyewe ukiisikia unaweza kucheka. Kuna vijia vilivyonyooka tulivyovikata msituni. Kunapopambazuka unaanza kutembea polepole kama mtu anayetafuta sindano, unasimama, unasikiliza, unatazama juu mpaka shingo inakufa ganzi. Ukiwaona unaandika: wangapi, wenye watoto wangapi, wanakula nini. Ukipotea njia, hesabu ya siku hiyo imekufa. Kwa hiyo miti ya pembeni, na ile wanayoipenda kula, tulikuwa tunaifunga utepe.

Masika tepe ziliisha. Nikamwambia Dokta. Akanijibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Tafuta namna, Hamisi. Si wewe mzoefu wa miti?"

Nikatafuta namna. Kambini kulikuwa na kopo la rangi nyekundu lililobaki baada ya kupaka vigingi. Nikatafuna kijiti kikawa brashi, nikazungusha pete kwenye miti tisa, usawa wa kifua. Mitatu kati yake ilikuwa mikenge mikubwa upande wa chini, ambako kundi moja la mbega lilikuwa linashinda likila majani machanga.

Kule Mufindi pete nyekundu ilikuwa na maana moja tu: huu usiguse. Tulikata miti yote kuuzunguka, wenyewe tukauacha. Mkono wangu umekua ukijua hivyo.

Huku juu ni kinyume. Huku bwana miti ndiye mwenye rangi nyekundu, na anaipaka kwenye mti ambao kijiji kimeruhusiwa kuukata. Anapaka kifuani, halafu anapaka tena kwenye shina kule chini kabisa, ili mti ukishaondoka kisiki kibaki kinatoa ushahidi. Mtu yeyote kijijini angeniambia. Sikuuliza. Nilijiona mzoefu.

Mzee Evaristi ni fundi seremala. Mimi ni mpangaji kwake, ingawa neno mpangaji halitoshi. Mke wake, Mama Skola, ananipakulia kabla ya kujipakulia yeye. Mzee ananitania kila siku ya Mungu. "Mmakonde gani wewe hushiki patasi? Wenzako wanachonga vinyago, wewe unahesabu nyani!"

"Si nyani, Mzee, ni mbega."

"Haya, mbega. Na wao wanakuhesabu? Wanasema, leo Mmakonde amekuja mmoja, hana mtoto, hana mke, anakula ugali wa watu."

Hapo Mama Skola anacheka mpaka anafuta macho kwa khanga.

Mwezi uliopita Mzee alipewa kibali cha miti mitatu ya kutengeneza mabenchi ya kigango. Watu wamesali wamekaa kwenye matofali kwa muda mrefu, akina mama wazee wanaumwa viuno. Bwana miti alimwambia, panda tu, utaiona, nimeshaiweka rangi. Miti aliyokusudia ilikuwa ng'ambo ya kijito. Mzee na mwenzake hawakufika ng'ambo. Walikutana kwanza na mikenge yangu.

Nyekundu ni nyekundu. Chini kulikuwa na magugu, nani angeinama kuyafunua? Wakakata.

Mimi siku hizo nilikuwa upande wa pili wa mlima, sikusikia hata shoka. Nilijua siku niliporudi, nikaingia jikoni kuota moto. Mama Skola alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Kwenye mafiga kulikuwa na mabanzi mabichi yanayotoa moshi, na banzi moja, kwenye gome lake, lilikuwa na mstari mwekundu. Ulikuwa umechuruzika mara mbili pale kijiti changu kilipobeba rangi nyingi mno. Kazi ya mkono wako huwezi kuikana.

Mama Skola akasema, "Sogeza huo moto, baba, chakula kinachelewa."

Nikalisukuma lile banzi ndani. Nikakaa nalitazama mpaka ile rangi ikatoka malengelenge, ikawa nyeusi.

Sikusema kitu. Nikala.

Ningesema siku ile, yangeisha palepale jikoni, kwa aibu yangu tu. Siku tatu baadaye walinzi wa msitu waliviona visiki. Bwana miti akaitwa, akafunua magugu, akatazama chini kwenye mashina, hakuna rangi. Mzee akaapa kwamba ilikuwepo juu. Wakamuuliza iko wapi. Magogo yalikuwa yamepasuliwa mbao, na mabanzi yenye gome yamekuwa majivu. Mwenzake alipoona mambo yamekuwa mazito akasema yeye alikuwa anavuta msumeno tu, alioneshwa miti na Mzee.

Sasa msumeno uko ofisi ya kijiji na mbao zimezuiwa. Jumatatu ni mkutano, na baada ya mkutano wanataka apelekwe mahakamani huku mjini. Mtu wa miaka sitini na kitu, aliyetengeneza nusu ya vitanda na majeneza ya kijiji kile, anaitwa mwizi mbele ya watu aliosimamia ubatizo wa watoto wao. Jumapili iliyopita hakwenda kusali. Alikaa uani ananoa patasi ambayo haina kazi.

Hanitanii tena. Hilo ndilo linaloniua.

Alhamisi nilimfuata Dokta kambini nikamweleza yote, hata la banzi. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Halafu akafunga mlango wa hema.

"Nani alikutuma upake rangi?"

"Wewe ulisema nitafute namna."

"Nilisema rangi?"

"Hukusema."

"Kwenye taarifa zetu hakuna rangi, Hamisi. Tunasema miti inaalamishwa kwa utepe. Ukisimama ukasema rangi, wafadhili watauliza nini kingine si kweli. Na barua yako nimeshaiandika, iko kwenye begi. Usijichomee mwenyewe."

Akaniambia pia kwamba kesi ya Mzee itasaidia, wanakijiji watapata fundisho, na mbega watapona. Nilitaka kumwambia mbega wale hawajapona. Tangu mikenge ile iangushwe nimepita njia ile mara nne na kwenye daftari langu nimeandika sifuri mara nne. Hawajui nani alikata. Wamehama tu.

Ninachoonea uchungu ni jinsi anavyolitumia neno kujitolea. Kwenye kubeba mizigo mimi ni mtafiti mwenzao. Kwenye kosa mimi ni mtu tu aliyekuja mwenyewe, asiye na mkataba.

Lakini sitamtwisha Dokta kila kitu. Hema alifunga yeye. Banzi nilisukuma mimi.

Leo alfajiri nilipitia msituni kabla ya kuja huku. Miti sita iliyobaki bado ina pete zangu, zile zile, zenye michuruziko ile ile. Nimezigusa moja baada ya nyingine. Hakuna haja ya banzi. Jumatatu bwana miti na mwenyekiti wa kijiji wakitaka wapande nami, wazione, kisha watazame na mashina kule chini, waone hayana rangi, waelewe Mzee aliona nini siku ile. Kopo la rangi ninalo kwenye begi hapa miguuni. Kijiti nilishakitupa, lakini naweza kutafuna kingine mbele yao.

Barua nafahamu nimeshaikosa. Huenda nikawekwa ndani badala ya Mzee, sijui sheria inasemaje kwa mtu aliyepaka bila kukata. Uaskari wa misitu basi tena. Kama Dokta anasoma hapa, na asome.

Sijui kama Mzee atanisamehe. Nimejaribu kupanga maneno tangu mlimani, yote yanaanza na "shikamoo" halafu yanakwama.

Muda wangu kwenye kompyuta unakwisha. Nikitoka hapa napanda moja kwa moja kijijini. Nitafika wakati Mama Skola ameshabandika maji ya ugali, na atanivutia kigoda kama kawaida.

Nitaongea kabla hajapakua.

Nikishakula, sitaongea.