Kibao Kwenye Mkorosho wa Kaka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kinyaa! Kinyaa kitupu. Kaka Yusufu tumemzika juzi tu, na leo mjane wake kapanda mkorosho na msumeno. Yuko kwenye eda! Matawi yote ya chini kakata, na maua yake. Kisha kapigilia kibao: jina la Yusufu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa.

Nikamwuliza, wifi Helmi, umeingiwa na nini? Ati ndivyo walivyofanya bibi zake huko Ufini. Mti uwe kando ya njia lilikopita jeneza. Marehemu akitaka kurudi nyumbani, anafika hapo, anasoma, anakumbuka kwamba amekufa, anageuka.

Astaghfirullah! Kaka yangu anafungiwa njia kama mbuzi wa jirani! Shambani kwake mwenyewe, hapa hapa Naliendele! Nimetema mate.

Jumatano, 6 Agosti

Mama bado anampakulia Yusufu. Sahani ya Jumapili iko vilevile — ugali wa muhogo umeota ukungu, samaki ananuka, nzi mpaka kwenye kijiko. Nilitaka kumwaga, akanishika mkono: mwanangu hajala. Naye hali mpaka Yusufu ale. Siku ya nne, chai tu! Tutamzika na yeye. Na mimi mjinga namwitikia, haya Mama, atakuja. Najichukia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimegombana na wifi. Nimemwita mshirikina. Kajibu taratibu, ati kaburi la mumewe hakuruhusiwa kulifikia, kibao ndicho alichonacho. Ebo! Mwanamke gani aliyekwenda makaburini? Mimi sikwenda. Mama hakwenda. Mbona hatukati miti! Kesho naking'oa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda na nyundo. Namkuta Mama yuko pale, anapapasa herufi. Kusoma hajui. Nikasema, Mama sogea, uchafu huu nautoa. Akasema ngoja. Nisomee.

Nikasoma jina. Akaitikia, labeka — kama kaitwa yeye! Akauliza, na hizi? Nikamwambia, siku uliyomzaa, Mama. Akatabasamu, ati mvua ilinyesha siku ile mpaka mkunga akachelewa.

Kidole kikashuka. Na hizi za chini?

Nimemwambia jua kali, nakuletea maji. Uongo mwingine! Naandika jikoni, kikombe kimejaa. Dirishani namwona. Kidole hajakitoa. Ananiita — we Saida, na hizi?