Ukurasa Niliouruka

Kaka Ambokile,

Shikamoo sikuwahi kukupa ukiwa hai, maana ulinizidi miaka miwili tu na ulikuwa unaidai kwa nguvu. Haya, shikamoo. Ipokee huko uliko, kisha unisikilize bila kunikatiza, leo huna namna.

Ni mimi Zuhura, navigeta wako, wa kukusomea kona. Nipo nyumbani, mtaani kwetu Soweto, nimekaa jikoni kwa sababu sebuleni mama ananiangalia sana. Mkono uliovunjika umeshafunguliwa hogo. Umebaki mwembamba na haukunji vizuri, lakini kalamu unashika. Watu wanasema nimepoa. Kweli nimepoa. Nakula, nalala, naenda dukani kwa Hajji kuuza spea, narudi. Siku tuliyokuzika kule Tukuyu wanawake walinishika huku na huku wakiniambia lia dada, lia, usijiumize. Nikawa naangalia viatu vyao. Hakuna kilichotoka, na mpaka leo hakijatoka.

Hajji amenunua gari jingine la timu yake ya mashindano, bluu ile ile. Dereva bado anatafuta. Mlangoni ameandika jina lako, halafu langu. Unakumbuka chini yetu palikuwa na jina la Fundi Mgaya, kwa herufi ndogo, kwa vile mwenyewe alikataa kubwa? Safari hii halipo. Hajji alisema wazi pale gereji, mbele ya watu, kwamba breki zilikataa, na breki ni kazi ya fundi, kwa hiyo aliyemuua Ambokile ni Mgaya. Akamfukuza. Mzee wa watu amerudi kwake Kihesa, Iringa, na nasikia hata wenye pikapu za nyanya hawampelekei gari tena.

Breki hazikukataa, kaka. Nalijua hilo tangu siku ile na nimenyamaza.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukupata nafasi ya kujua. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kwenye yale mashindano ya magari ya Iringa, ile barabara ya vumbi inayokatiza misitu ya misonobari upande wa Mgololo. Tulikuwa tumeshapita polepole kabla, tukiandika noti za kila kona, upande wake na ukali wake. Moja ni kona ya kuvunja shingo, sita unapita na gesi yako. Kushoto tuliandika "shoto". Kulia ulikataa katakata. "Niambiwe kulia kila dakika, kwani nina msiba gani?" Basi ikawa "kula". Shoto nne, kula tatu. Timu nyingine zilitucheka, na siku ile hata wewe ulinicheka, eti nimefunga halafu nashinda natangaza kula.

Asubuhi ulinipa chupa ya maji. "Bibie, wewe msafiri, dini yako yenyewe inakuruhusu. Kunywa, utailipa siku nyingine." Ulikuwa unasema kweli na nilijua unasema kweli. Lakini uliyasema mbele ya wanaume wa zile timu nyingine, na wao walishaanza kunong'ona kwamba mwanamke na swaumu yake atamudu wapi. Nikakujibu kwa jeuri kuwa nitakunywa magharibi. Sikuwa namjibu Mungu pale, nilikuwa nabishana na wewe tu. Ukasema "haya, mama mkwe", ukafunga mkanda.

Unajua ninavyofunua daftari, kidole ulimini kwanza, kisha ukurasa. Fundi alizoea kunitania, eti mwalimu wa zamu anasahihisha madaftari. Siku ile ulimi ulikuwa umekauka kabisa. Kidole hakikushika vizuri, zikaja kurasa mbili kwa mara moja. Nikasoma "kula tano, gesi". Ukurasa niliouruka ulikuwa unasema "kula mbili, korongo shoto".

Vumbi la gari la mbele lilikuwa limetanda, huoni hata boneti. Ukauliza neno moja, "Tano?" Nikasema tano. Ukakanyaga.

Gari lilibiringika mpaka chini korongoni, likatua upande wako.

Uliniamini, kaka. Ungekuwa mbishi siku ile kama ulivyokuwa mbishi siku zote, ungepunguza mwendo. Hukupunguza. Hilo ndilo limenikalia hapa kifuani, na wala haliumi, limekaa tu.

Nilipozinduka hospitalini Hajji alikuwa ameshasema breki. Nikajiambia nitasahihisha kesho. Kesho ikawa mazishi. Pale msibani mama yako alinikumbatia akasema, "Wewe ndiye uliyesikia sauti yake ya mwisho," ningemwambia nini? Na ukishanyamaza wiki ya kwanza, ya pili inakuja yenyewe. Mtu mzima anaitwa muuaji, mimi niko kaunta nawapimia watu fani beliti. Aibu gani hii!

Jumatatu nilipanda basi kwenda Iringa, sikuaga mtu. Fundi nilimkuta nje kwake anafunga mnyororo wa baiskeli ya jirani. "Kamwene, Zuhura," akanisalimu kwa lugha ya kwao, akanisogezea kigoda, akamwita mkewe alete chai. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, swaumu, kidole, tano, mbili, yote. Hakushtuka. Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari letu. Kumbe alilitoa mwenyewe kwenye gari siku ile, kabla Hajji hajafika. Alikuta liko wazi kwenye ukurasa ambao hatukuwa tumeufikia.

Alijua! Miezi yote hii Fundi Mgaya alijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Ulikuwa umevunjika mkono, umemzika mwenzako. Nikaona breki zinaweza kubeba lawama."

Nilimfokea, utaamini? Nilimfokea mzee wa watu uani kwake mpaka kuku wakakimbia. Nani alimtuma? Nilimwomba? Halafu nikakaa kwenye kile kigoda nikanywa chai yake. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Nikaomba kikombe kingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu ufe nilikuwa sijasikia ladha ya kitu.

Jumamosi hii tunakuja kwenu Tukuyu kukujengea kaburi. Hajji amekodi gari la kubeba timu nzima na Fundi hakualikwa. Atakuja. Alikataa mara tatu, nikamwambia basi nitahamia Kihesa nilale mlangoni kwake, akajua sitanii. Nitaingia naye uwanjani kwenu, mimi mbele, yeye nyuma. Hajji atakuwepo, na ndugu zako, na mchungaji, na mama yako. Nakuahidi sitamsubiri mtu amalize sala wala chakula. Nitasimama niseme kwamba breki zilikuwa nzima, Fundi Mgaya hana kosa lolote, ni mimi niliruka ukurasa na sikunywa maji uliyonipa. Jina lake kama halitarudi mlangoni kwenye lile gari, basi na langu walifute, sikai humo.

Mama yako akinifukuza nitatoka. Akinipiga nitatulia, ana haki yake. Akinikumbatia, kaka, hapo sijui nitafanya nini. Hilo ndilo naliogopa.

Kwaheri, Ambokile. Msamaha sikuombi humu kwenye karatasi, ni rahisi mno. Nitauomba Jumamosi kwa mdomo, kwa sauti, wote wakisikia.

Zuhura