Wimbo Nilioueleza Redioni

Jumatatu, 18 Novemba

Nyimbo kumi na kitu zimetumwa WhatsApp tangu asubuhi. Spika ya sikio la kushoto ya visikilizio vyangu imekufa. Nimesikiliza zote kwa sikio moja, na wala sidhani nimepunjwa.

Fadhili, meneja wetu pale redioni, anataka tena video ya dakika moja. Mimi nimekaa, kamera usoni, natoa hukumu. Nimemwambia wimbo wenyewe una dakika tatu, nitauelezaje kwa moja? Amesema watu hawasubiri. Kijana mzuri, ila ana haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Zamani wauza kanda pale stendi ya Masasi walikuwa wanasubiri nimalize kipindi ndipo wajue waagize nini Dar. Sasa wimbo unanifikia ukiwa umeshachezwa kwenye harusi zote. Nahukumu kesi iliyokwisha.

Lakini leo nimepata kitu. Kijana wa Newala anajiita Mudi Mkorosho. Beti zake ni za kawaida, mapenzi na pikipiki. Kiitikio ndicho kimeninyanyua kitini. Chimakonde, sauti ya kike, polepole, ngoma iko mbali nyuma. Nimekirudia mpaka simu ikazima. Muda mrefu sijasikia kitu kikaniuma hivi.

Jumamosi, 23 Novemba

Kipindi kizuri kuliko vyote vya mwaka huu. Nimesema wazi: hiki kiitikio ni bembelezi la kale la akina mama wa Kimakonde, la kumlaza mtoto pembezoni mwa shamba mama akiwa anapalilia. Nimekifafanua mstari kwa mstari. Kuna maneno mawili ya Chimakonde cha zamani sikuyajua. Nikayakisia. Nimezaliwa uwanda huu, nikafundisha Kiswahili sekondari miaka na miaka, nani wa kunibishia?

Waliopiga simu karibu wote wanaume. Wamefurahi sana. Mwanamke mmoja alipiga, akacheka hewani, akakata. Sikuelewa anacheka nini.

Jumapili, 24 Novemba

Video imesambaa. Fadhili anatembea kama mwenye mji.

Mama Zuhura hajanisemesha tangu jana mchana. Kaweka chakula, kafunika, kaenda kwa jirani. Nikadhani ni habari ya vitenge vya Zuhura, maana mtoto kamaliza la saba na mwezi ujao anaingia unyagoni Newala, kwa akina mama yake. Nikamwambia vitenge nitanunua. Akaniangalia, akaingia ndani.

Jioni sokoni. Nilipofika kwa wauza nyanya, mazungumzo yakakatika. Mmoja alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikauliza, jamani, kuna nini? Akasema, "Hakuna, Baba Zuhura. Karibu nyanya." Nimerudi na nyanya ambazo sikuzihitaji.

Jumanne, 26 Novemba

Wameondoka. Mama Zuhura na mtoto, basi la asubuhi la Newala. Walikuwa waende katikati ya mwezi ujao. Kaniambia neno moja tu: "Nimeitwa." Na nani? Kafunga begi.

Nyumba imepoa. Nimekula ubwabwa wa jana.

Alhamisi, 28 Novemba

Mama mkwe hapokei simu. Nimempata shemeji Saidi, mdogo wake Mama Zuhura. Alikohoa kwanza, nikajua si heri.

Bibi Somoe amekataa kumpokea Zuhura. Huyu ndiye nyakanga wao, mkubwa wa wanawake wote wanaoingiza wasichana unyagoni kule, na kwa Mama Zuhura ni mama mkubwa. Kasema wasichana wengine wataingia, Zuhura atabaki nje. Sababu ni baba yake. Kosa gani? Saidi akasema, "Na mimi mwanaume, shemeji. Nimeambiwa hivyo, nimekuletea hivyo."

Nimekaa na hiyo simu mkononi. Msichana aliyebaki nje, wenzake wakitoka, anaendelea kuitwa mtoto. Msibani hakai na wanawake. Wanawake wakitaka kuongea, anaambiwa atoke. Na wenzake aliosoma nao watakuwa wanamtazama kutoka ng'ambo ya pili. Zuhura ananuna akikosa hata nafasi ya dirishani kwenye basi. Hili atalibebaje?

Kwa ajili ya bembelezi? Sielewi. Naandika tena: sielewi.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimemfuata Mudi Mkorosho studio, chumba nyuma ya saluni ya kiume. Kijana mwenye heshima. Shikamoo yake imenyooka. Nikamuuliza kile kiitikio kakitoa wapi.

Amekisikia akiwa mdogo, anacheza nyuma ya uzio wa nyasi, wanawake wakiwa ndani. Kimekaa kichwani tangu hapo. Nikauliza, maana yake ni nini? Akanishangaa. "Si ile uliyoisema wewe, mzee? Na mimi ndiyo naisema kwenye mahojiano."

Nimeketi kwenye spika yake. Msanii ananinukuu mimi, mimi nilikuwa namnukuu yeye. Wote wawili hatuna kitu mfukoni. Hapo ndipo lile neno uzio lilinigonga kichwani. Uzio wa nyasi, wanawake ndani. Unyagoni, si shambani.

Ameniambia na hili: binti wa Newala aliyekuja kuimba kiitikio alikataa alipoambiwa maneno. Alichukua mkoba, akaondoka bila kuaga. Wakamtafuta mgeni, mtu wa Mbeya, akaimba bila kujua anachoimba. Ile sauti iliyoninyanyua kitini.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeupiga tena. Fadhili aliuweka kwenye ratiba, unaongoza kwa maombi, na mimi niliogopa kumwambia nisichokijua. Sikuueleza, niliupiga tu. Nimejiona mjinga wimbo ulipokuwa unakwenda.

Mchana ujumbe wa Mama Zuhura. "Baba Zuhura usiupige tena. Usiueleze." Nikaandika, kwa nini? Alama mbili za bluu. Kasoma, basi.

Miaka ishirini nimelala na huyu mwanamke chumba kimoja. Nimejua leo kwamba kuna chumba kingine.

Jumatatu, 2 Desemba

Newala. Ukungu wa asubuhi, korosho zimeanikwa kila uwanja. Zuhura kanisalimia akakimbilia ndani. Macho yamevimba.

Bibi Somoe nimemkuta anachekecha unga wa muhogo barazani kwake. Nikatoa shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, kanipa kigoda, kauliza habari za Masasi, za redio, za mvua. Nikadhani labda ameniachia. Nikasema, bibi, nimekuja kuulizia kosa langu.

"Ukiulizia ndiyo unaliongeza, baba."

Chekeche inakwenda. Nikamwambia basi niombe radhi hewani, nieleze kwamba nilikosea, kwamba ule si wimbo wa kumlaza mtoto. Hapo akasimamisha mkono.

"Utasema si wa mtoto. Watauliza ni wa nini. Utawaambia nini?"

Akaniambia, bila hasira, kwamba kitu kilikuwa ndani na sisi tumekitoa nje, yule kijana na mimi. Ila uongo wangu ndio uliowasaidia. Watu wameamini ni bembelezi. Waache waamini. Yule kijana ana wajomba zake, watakaa naye. Mimi nisiupige, nisiueleze, nisiusahihishe. Nikiulizwa, sijui.

Nikasema wanawake wote wa uwanda huu wananicheka.

"Watacheka," akasema. "Watachoka."

Nimerudi na basi la mchana. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Kazi yangu yote ni kusema wimbo unasema nini. Nimekosea mbele ya watu na naombwa niache kosa lisimame hivyo hivyo na jina langu juu yake. Kama ni haki, mbona inauma hivi?

Alhamisi, 5 Desemba

Mambo yamegeuka. Chini ya ile video wanawake wameanza kuandika. "Mzee hajui kitu huyu." "Muulizeni mkewe." Hawasemi zaidi, wanacheka na kupita. Fadhili ameona dhahabu. Jumamosi kutakuwa na kipindi maalum, simu wazi, kamera mbili, kichwa cha habari: Maana Halisi. Ametangaza tangu jana. Hakuniuliza.

Nimemwambia sitaki. Kasema, "Mzee, hiki kipindi ni chako au cha nani? Watu wanataka kujua." Anaamini kabisa kwamba watu wakitaka kujua, basi wajue. Na mimi niliamini hivyo maisha yangu yote, nikawapiga wanafunzi kwa hilo.

Shetani ananinong'oneza. Nikimbana Mudi vizuri, nikayapeleka yale maneno mawili kwa watu wazima fulani wa Chiungutwa wanaojua Chimakonde cha zamani, naweza kuipata maana. Ningewanyamazisha wote wanaocheka. Nataka sana. Naona aibu kuandika jinsi ninavyotaka.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimevaa shati la ofisini. Taa za kamera zinachoma. Fadhili akafungua kipindi, akanikaribisha, akasema leo mchambuzi wetu anatuambia ukweli wote.

Nikasema sijui.

Akacheka, akadhani nawatania wasikilizaji. Nikarudia. Sijui wimbo ule unasema nini, na katika kipindi hiki haupigwi tena. Akaniuliza kwa nini. Sijui. Simu zikaingia. Mwalimu, si ulisema ni bembelezi? Nilisema. Sasa je? Sijui. Mwanamume mmoja wa Ndanda alinifokea kwamba nachezea akili za watu. Mwanamke mmoja akapiga, nikajikunja kitini. Hakucheka. Akasema, "Nakusikiliza, Baba Zuhura," akakata.

Baada ya kipindi Fadhili hakunipa mkono. Kasema mchambuzi asiyejua anachambua nini? Swali zuri. Wiki ijayo atajaribu binti mmoja, atakuwa anasoma maoni ya watu mitandaoni huku wimbo unapigwa. Mimi nipumzike kwanza. Tunajua wote maana ya kupumzika kwanza.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nimetetea kitu nisichokiona. Huenda nimefanya tu nilichoambiwa na wakubwa, kama mtoto. Nina uchungu. Pia nimelala usingizi mzuri mchana, jambo lililonishangaza.

Jumatano, 11 Desemba

Saidi amepiga. "Kaingia na wenzake, shemeji. Andaa vitenge." Nilimjibu sawa tu, nikakata, nikalia jikoni peke yangu. Sikujua nilikuwa nimelibeba kiasi hicho.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimesikiliza kipindi nikiwa nyumbani. Binti anaongea vizuri, sauti nyepesi. Anasoma: huyu kapenda, huyu hajapenda, huyu kaweka moto, huyu anasalimia mama yake Tandahimba. Hakusema lolote kuhusu nyimbo zenyewe. Nilisubiri anichukize. Hakunichukiza. Watu walikuwa wanaongea wao kwa wao na nyimbo zinapita katikati. Labda hawakuwahi kunihitaji. Labda walinihitaji na imekwisha. Nimezima kabla ya mwisho.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana. Wamerudi. Wanawali walitoka juzi, vigelegele mji mzima. Sisi wanaume tulikaa upande wetu na pilau yetu, tukapiga makofi tulipoambiwa tupige.

Zuhura amekuwa mtu wa taratibu. Kanisalimia kwa kupiga goti. Mama yake anaongea nami kama zamani, ananikemea kuhusu jiko nililolichafua. Nimefurahi kukemewa.

Jioni walikuwa uani wanamenya mihogo, mimi kwenye mkeka karibu nao. Bodaboda mmoja akasimama nje ya uzio, simu yake inaimba. Kiitikio kile. Visu vyote viwili vikasimama. Hawakutazamana. Visu vikaendelea. Bodaboda akapata abiria, akaondoka.

Katika nyumba hii sasa ni mimi peke yangu nisiyejua. Nilifungua mdomo. Zuhura akaniangalia kwa upole, kama mkubwa anavyomtazama mdogo wake, akanisogezea kikombe.

"Chai inapoa, Baba."

Nikanywa.