Mdudu wa Kidole cha Zaituni

Jumatatu, 3 Juni 1912
Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Zaituni anamenya ndizi mbichi mlangoni, beseni la maji pembeni. Wiki ya tatu tangu harusi, na wanaokuja kumwona bibi harusi hawajaisha. Nachelewa kazi yangu ya ukarani boma kila asubuhi kwa kumtazama tu. Sioni haya. Hina ya Pangani imefifia viganjani, kwenye kucha bado nyeusi. Nampenda hadi naogopa.
Leo kisu kilipogusa kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, alikunja uso. Nikauliza. Akasema si kitu, mdudu tu.

Jumanne, 4 Juni
Ni kitu. Ngozi kandokando ya ukucha imevimba, inang'aa, hataki hata upepo uiguse. Alikuwa akinificha kidole ndani ya kanga. Roho iliniuma kwa hilo.
Nikaenda kwa bwana mganga wa boma, Mjerumani, peke yangu, kifua mbele. Nimesoma Kijerumani shule ya Tanga, sihitaji mkalimani. Nikamweleza kuwa mke wangu ameingiwa na mdudu kidoleni. Neno la mdudu nililipata upesi, lile lile la inzi na kunguni. Akasema hao ni funza, nchi nzima inao. Niwatoe kwa sindano, kisha nipake dawa. Akanipa kichupa kinachonuka lami.
Baada ya alasiri nikachokonoa. Sikuona funza. Nikachokonoa tena, zaidi. Zaituni aliuma upindo wa kanga. Aliyelia ni mimi.

Jumatano, 5 Juni
Nimetumwa Kisongo pamoja na askari kuandika majina ya walipa kodi. Nitarudi kesho. Nimekosea majina mawili. Nawaza kidole tu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekuta kidole kimevimba, unene wa viwili. Ana homa. Maumivu yamefika kwapani. Bi Tatu, jirani yetu, mtu wa Pangani kama yeye, yupo naye tangu asubuhi. Anamkanda kwa unga wa moto uliofungwa kwenye kitambaa. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Akauliza nani amemchimba mtoto wa watu hivi. Nikaonyesha sindano, nikaeleza habari ya funza.
Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini.
"Mwanangu, mdudu wa kidole hana miguu. Ni usaha. Huko Tanga walikufundisha nini?"
Mama yangu mwenyewe alipata kuugua mdudu. Nalijua neno hili tangu utoto! Lakini nilipokuwa mbele ya mganga nililigeuza kama karani, neno kwa neno, kwa kutaka sifa. Kisha nikaingiza sindano mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutoa, nikakisukuma kile kibaya ndani zaidi.
Bi Tatu anasema jipu limeiva, linataka kupasuliwa, na yeye hapasui karibu na mfupa. Kesho twende boma wote. Naogopa. Kuna askari mmoja pale alikatwa kidole kwa jambo dogo kuliko hili.

Ijumaa, 7 Juni
Zaituni alikataa kumwonyesha mwanamume mkono. Bi Tatu akamfunika kanga mbili, akatoa kidole kimoja nje. Ndicho mganga alichoona. Kidole kimevimba, na ukucha mweusi.
Akasema nyama imekufa, pingili iondoke leo. Nilimwelewa kila neno. Weusi wa hina ndio aliodhani ni kuoza. Hina kwa Kijerumani sijui. Shule haikunifundisha. Nikasema rangi, nikasema harusi, nikasema majani. Akadhani ni dawa ya kienyeji, akakasirika, akaendelea kufuta kisu.
Zaituni hajui Kijerumani. Alinitazama usoni, akaelewa. Akajifunua kanga, akaweka mezani mikono yote miwili, kucha kumi nyeusi.
"Mwambie basi azikate na hizi."
Sikutafsiri. Hakukuwa na haja. Mganga alitazama kucha, akanitazama mimi. Akaweka kisu kikubwa, akachukua kidogo. Akapasua kando ya ukucha. Usaha ukatoka, na harufu yake. Zaituni alinishika mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi.
Nikamweleza mganga habari ya sindano na neno nililokosea. Akajibu kwa Kiswahili ili Zaituni naye asikie.
"Funza hapana. Karani mjinga."
Tuloweke kidole katika maji ya moto yenye dawa asubuhi na jioni, kisha tufunge kitambaa safi. Ndizi asiziguse. Jumatatu mganga akitazame. Usaha ukiwa umefika mfupani, atakata.

Jumapili, 9 Juni
Nachemsha maji. Nanusa kitambaa kila nikibadilisha. Sijui ninanusa nini. Homa imeshuka. Siamini bado.

Jumatatu, 10 Juni
Mganga alibonyeza pingili. Akaniambia nimwambie Zaituni akunje kidole. Kikakunjika, kwa taabu. Hatakata. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye nyasi, na nguo ya kazi.

Alhamisi, 13 Juni
Siku zote hizi nimekuwa nikimlisha tonge kwa tonge. Leo alinisukuma mkono polepole, akanawa, akamega wali mwenyewe. Tonge la kwanza lilianguka. La pili likafika. Nilikaa namtazama akila, chakula changu kikapoa.