Mrija Wangu wa Chujio

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Madaftari ya darasa la tatu nimeyamaliza. Baridi kali, upepo haujatulia tangu asubuhi. Baba mdogo Kaspari, mshenga wangu, alipitia shuleni. Wazazi wa Veronika watatupokea kijijini kwao Pito Jumapili, baada ya misa. Watatuwekea chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tunywe pamoja kwa mirija, ndipo mzee aseme kama ananipa binti yake au hanipi. Furaha. Na hofu pia. Miaka yote ya bweni sikushika mrija. Mara ya mwisho makapi ya ulezi yalinipalia, nikakohoa mbele ya wazee kama mbuzi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepata dawa. Nimenunua chujio la chai dukani kwa Mzee Salum, nikakata kipande cha wavu wake, nikakifunga kwa uzi kwenye ncha ya tete jembamba. Mirija ya watu ina matundu makubwa tu. Wangu hauingizi hata vumbi. Nimeujaribu kwa maji ya mtungini, yanapanda bila shida. Sijamwonyesha mtu. Wataona wenyewe mwalimu anavyokunywa bila kutema makapi.

Jumamosi, 8 Agosti

Suruali nimeipiga pasi. Mrija umo mfukoni mwa koti. Nautoa, nautazama, naurudisha. Majivuno ninayo, najijua.

Jumapili, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tulikizunguka chungu: mzee, kaka zake wawili, baba mdogo, mimi. Shangazi wa Veronika akamimina maji ya moto, mashapo yakainuka yote. Mafunda ya kwanza yalipanda vizuri. Kisha yakaja kidogo. Nikavuta. Tone. Nikavuta kwa nguvu zote, mashavu yakaingia ndani, hakuna kitu. Wenzangu wananyonya huku wakizungumzia ng'ombe, mimi nimeng'ang'ana macho yamenitoka. Mzee akaniangalia. Nikaona atadhani naidharau pombe yake. Basi nikapuliza.

Nimepuliza ndani ya chungu cha watu. Pombe ikaruka, ikamwagikia mzee kidevuni. Mzee akautoa mrija wake, akaukung'uta, akaulaza chini. Kaka zake wakafanya vivyo hivyo. Baba mdogo alikuwa wa mwisho.

"Mwalimu amechoka," mzee akasema. "Mpelekeni akapumzike."

Tulipokuwa tunaondoka niligeuka. Veronika alikuwa anamwaga pombe nyuma ya zizi. Kuloweka ulezi, kuuotesha, kuuanika, kuusaga, kazi yote ya mikono yake, na nguruwe wanaikimbilia. Hakuniangalia.

Jumatatu, 10 Agosti

Aibu. Nimefundisha nikiutazama ubao. Watoto wa Pito wamo darasani. Mmoja alipuliza kalamu yake, wengine wakaangua kicheko. Sikumchapa. Ningemchapa kwa kosa gani?

Jumatano, 12 Agosti

Sikwenda shuleni. Nimesema nina homa. Uongo mtupu. Nimejifungia ndani.

Nimechukua mashapo kwa jirani, nimeyakoroga bakulini, nikaujaribu mrija ule. Funda la kwanza safi. La pili zito. Kisha kimya. Nikaiangalia ile ncha karibu na dirisha. Vichembe vidogo vidogo, laini kama unga. Kila kimoja kingepita peke yake. Lakini vinafika pamoja, viwili vitatu vinabanana kwenye kitundu kimoja, vingine vinalala juu yake, na kila ninapovuta nazidi kuvishindilia. Makapi makubwa hayakuziba kitu. Limeziba lile vumbi nililojisifu kwamba haliingii.

Ningeujaribu hivi wiki iliyopita, ningejua. Sikuujaribu kwa sababu sikutaka jirani aone kwamba mwalimu anajifunza kunywa pombe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 14 Agosti

Baba mdogo haji. Labda binti wamempa mwingine. Wana haki. Nampenda Veronika na sijawahi kumwambia.

Jumapili, 16 Agosti

Misa ya kwanza, nimekaa nyuma kabisa. Wavu nimeufungua kwenye tete, nimeutupa.

Jioni baba mdogo amekuja. Alikuwa Pito. Amekwenda peke yake kuniombea radhi, na mimi nilidhani amenisusa. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amesema tungoje pombe iive, twende tukanywe, na mrija nitapewa palepale.

Nikauliza pombe gani, wakati ile ilimwagwa.

Veronika ameloweka ulezi mwingine, baba mdogo akasema. Hakuna aliyemtuma. Baba yake mwenyewe aliuona tu umo majini.

Nikauliza tangu lini.

Tangu Jumatano, akasema.

Jumatano mimi nilikuwa nimejifungia humu ndani, nikisingizia homa.