Kibuyu cha Mama

Sultan Hamud, Jumatano

Ati "aligundua." Hilo neno limeniharibia siku yote.

Nilikuwa dukani redio iliposema Daktari, bosi wangu wa zamani, ameshinda ile tuzo kubwa ya sayansi. Ati aligundua mbaazi inayohimili ukame. Wateja wakanipigia makofi. "Si huyu ndiye ulikuwa unamfanyia kazi?" Nikacheka nao. Kucheka huko kumenichosha kuliko kubeba magunia.

Mbaazi hiyo ilitoka Mbooni, kwa mama yangu. Alikuwa ameiweka kwa kibuyu, ndani ya majivu, vile nyanya yake alimfundisha. Mimi ndiye nilienda kuichukua. Nilimwambia mama kwamba Daktari anaazima tu, na kwetu mbegu ya kuazima hurudi baada ya mavuno, kibuyu kikiwa kimejaa. Kwa hivyo hakubakisha hata punje moja.

Daktari mwenyewe sikumwambia kitu kuhusu kurudisha. Niliona haya kusumbua msomi na maneno ya kibuyu. Sijawahi kuandika hivyo mahali popote.

Miaka tisa sasa. Msimu huu mama alipanda mbegu ya kununua, na imekauka yote.

Jioni amenipigia simu. Anasema kwenye maombi ya akina mama wamemwombea Daktari, na mama mwenyewe alisimama akashukuru Mungu.

"Sasa kwa vile amemaliza," akaniuliza, "si atarudisha kibuyu changu?"

Nikamwambia mama, "Atarudisha, mwaitu."

"Basi ile shamba ya juu sitapanda kitu," akasema. "Nitamngojea."